Masikio ya Ng'ombe wa Galeboe

Galeboe Motsumi alifua mashuka ya hospitali ya mgodi wa almasi kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuomba sukari kwa jirani. Hilo alilisema mwenyewe, tena kwa sauti, hasa mbele ya wanawake waliozoea kuomba. "Mimi uzee wangu nimeshaununua," alikuwa akisema. "Siku mtakayoniona mlangoni kwa mtu na kikombe mkononi, jueni nimekufa, nizikeni." Watu wa mji wake, Serowe, walimwona ana maringo. Alikuwa nayo kidogo, kweli. Lakini mtu akifua mashuka yenye damu za wenzake miaka thelathini na mmoja bila kukopa hata kiberiti, maringo kidogo si haki yake?

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa mgodi mwingine, wa shaba. Mgodi ule ulifungwa kwa siku moja tu. Watu walikwenda kazini alfajiri wakakuta mnyororo getini. Zile fedha za ziada alizokatwa kila mwezi akiambiwa anawekeza kwa ajili ya kesho ziligeuka barua, kurasa mbili. Mzee wa watu aliisoma ile barua mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na akafa kabla hajaielewa.

Kwa hiyo Galeboe alipostaafu na kiinua mgongo chake kikaingia benki, na kijana mmoja mwenye tai akamwita ndani ampe ushauri, mama alikaa na mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Sehemu hii haitozwi kodi, Mma," kijana alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Tugawe. Kiasi tuweke kwenye hati za serikali, kiasi kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji, kinachobaki kaa nacho. Usiweke mali yote mahali pamoja."

"Hizo hati zinazaa?"

"Zinazaa riba, Mma."

"Na hiyo riba ina maziwa?"

Kijana alicheka. "Haina. Lakini ukame hauiui."

"Mwanangu, mume wangu alikuwa na karatasi. Zilikufa, na mvua ilinyesha vizuri tu mwaka ule."

Akatoka pale akanunua ng'ombe kumi na saba. Wote majike, isipokuwa dume mmoja mwekundu aliyemgharimu mpaka akakosa usingizi.

Sasa, ng'ombe ni lazima awe na chapa, na chapa ni lazima iwe na jina la mtu serikalini. Baba yake Galeboe, mzee Motsumi, aliacha watoto wawili, Mothusi na Galeboe. Alipofariki, chapa ya moto ya nyumba ile ilikwenda kwa Mothusi kwa kuwa ndiye wa kiume, na cheti kikaandikwa upya kwa jina lake. Lakini mzee hakuwa mjinga. Kila mtoto alipozaliwa alimpa mtamba mmoja, na huyo mtamba alimkata sikio kwa mkato wa mtoto huyo. Mkato wa Galeboe ulikuwa mkia wa mbayuwayu, kwenye ncha ya sikio la kushoto. "Chapa ni ya nyumba," mzee alimwambia binti yake akiwa bado wa kubebwa mabegani. "Sikio ni lako." Galeboe alikua akijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Mothusi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa miwani yenye kamba shingoni na mafaili yaliyopangwa kwa rangi. Watu wakipata barua yoyote yenye nembo, walimpelekea awasomee. Galeboe naye alimwendea, amweleze kwamba anataka kusajili chapa yake mwenyewe.

"Ya nini?" kaka yake alimuuliza. "Ukisajili chapa, umejipeleka mwenyewe kwa watu wa kodi. Wataona pensheni huku, ng'ombe kule, watajumlisha, watakukamua mpaka damu. Waache ng'ombe wako chini ya chapa ya baba. Nani atajua?"

"Na wewe je, kaka? Hawatakujumlishia wewe?"

"Mimi?" Mothusi alivua miwani akaifuta. "Nusu yao nimewafundisha kusoma. Wewe niletee tu risiti zako za chakula cha mifugo na dawa, nikutunzie kwenye faili. Siku ukiulizwa, una ushahidi."

Tuseme ukweli, maana hadithi hii haina maana tukimpaka Galeboe asali. Alifurahi. Alifurahi kukwepa kodi kama mtoto aliyeiba karanga. Na si yeye peke yake. Nchi ile imejaa watu ambao ng'ombe wao wanalala kwenye chapa ya mjomba. Tena kwao hata kuhesabu ng'ombe wa mtu kwa kidole ni utovu wa adabu, sembuse kwenda kuwataja ofisini. Basi akamkatia kila ng'ombe, na kila ndama aliyezaliwa, mkia wa mbayuwayu, chuma cha moto kikaunguza chapa ya Mothusi pajani, na moyo wake ukatulia.

Risiti alimpelekea. Ila kule chumba cha kufulia cha hospitali walizoeshwa kwamba hakuna mfuko unaotoka bila nakala ya karatasi yake, na tabia ya miaka thelathini na mmoja haiondoki kwa sababu umestaafu. Kila risiti, kabla ya kumpa kaka yake, alipita kwenye duka la Mchina akatoa nakala. Nakala aliziweka kwenye bati la biskuti. Hakuwa na shaka na mtu. Ni mazoea tu.

Miaka ikaenda. Ukame ulikuja mara mbili. Mwaka ule mbaya zaidi, ambao watu walichoma mizoga malishoni, Galeboe alinunua magunia ya mashudu kwa pensheni yake mpaka akauza jokofu. Alikunywa chai ya mkandaa, bila maziwa, miezi minne ili ng'ombe wale. Mchungaji alikuwa Dzingai, mzee wa kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa kwenye kambi yao ya ng'ombe, mbali na mji, tangu enzi za baba yao, na kila Pasaka Galeboe alipokwenda, mwendo wa saa nne juu ya mchanga kwenye gari la kukodi, Dzingai aliwapitisha ng'ombe kisimani mmoja mmoja ili mama awaone. Kuliko wote Galeboe alimpenda Pulane, jike la madoa ya kunguru. Pulane alimzalia mitamba sita.

Kumi na saba wakawa arobaini na mmoja.

Kisha magoti yakaanza kumuuma. Pasaka moja ikampita, na ya pili. Na huku mjini mambo yakabadilika. Pensheni ilibaki vilevile, lakini gesi, maji, unga wa mtama, kila kitu kilipanda, mpaka akawa anasimama dukani anarudisha vitu kwenye rafu mmoja mmoja huku keshia anamtazama. Ndipo akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri: auze ng'ombe ishirini, ajenge vyumba viwili vya kupangisha Palapye, ambako wafanyakazi wa kituo cha umeme walikuwa wakigombania vyumba. Pango lingemlisha. Ng'ombe waliobaki wangemzika.

"Kaka, nataka nitenge wangu," alimwambia Mothusi. "Nisajili chapa yangu. Kodi acha nilipe, nimechoka kujificha."

"Subiri wamalize kuwavisha ng'ombe hereni mpya za namba masikioni," Mothusi alisema. "Sasa hivi ofisi imejaa."

Akasubiri mwaka mzima. Akasubiri na nusu ya mwingine. Mwishowe akapata mnunuzi mwenye lori, akapanda naye mbele, magoti yakilia, akaenda kambini bila kumwambia mtu.

Dzingai alimwona anashuka, akavua kofia, lakini hakumtazama usoni. Ng'ombe walikuwa zizini. Galeboe alishika mti wa uzio akatazama mmoja, akatazama wa pili, kisha akaingia ndani kabisa katikati yao na viatu vyake vya mjini. Kila sikio la kushoto lilikuwa limekatwa nusu. Ncha yote yenye mkato wake ilikuwa imeondolewa, pakapona pakawa kovu jeusi. Pulane alikuwa amesimama pale na kisiki cha sikio kikichezacheza kufukuza nzi.

"Dzingai, hawa wamefanywa nini?"

"Rra, kaka yako, alisema ni kupe, Mma. Alisema tukate, kupe wasizaliane humo."

"Kupe wa sikio la kushoto tu? La kulia hawalijui? Hao kupe wamesoma?"

Dzingai alikunja kofia yake mikononi. "Mimi nilishika kamba tu, Mma. Kisu alikishika mwenyewe."

Mnunuzi aliuliza cheti cha chapa kiko wapi. Aliposikia kina jina la nani, aliwasha lori. Hakununua hata mmoja.

Galeboe alimkuta kaka yake barazani kwake anakunywa chai. Hakusalimia, na kwa watu wa Serowe hilo peke yake ni tusi.

"Mothusi, nipe ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani, Galeboe?"

Alisema hivyohivyo, kwa upole, kama anavyomuuliza mtoto aliyepoteza kalamu. Galeboe alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na visingizio, hata kwa machozi. Hakuwa amejiandaa kuulizwa ng'ombe gani. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi, na wifi yake akamletea maji kana kwamba mama kapatwa na jua.

Alimshtaki kwenye baraza la chifu. Huko alikiona cha mtema kuni. Mothusi alileta faili la kijani, akatoa cheti, akakisoma kwa sauti ya ualimu. Chifu alimgeukia Galeboe.

"Mma, chapa inamtaja Mothusi. Wewe unasema sikio ni lako. Sikio liko wapi?"

"Amelikata, chifu!"

"Na kwa nini hukusajili chapa yako miaka yote hii?"

Ilibidi aseme. Alisema taratibu, akitazama vumbi, kwamba alikuwa akiwaficha watu wa kodi. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mwizi kaibiwa," na baraza zima likaangua kicheko. Hata chifu aliinamisha kichwa kuficha meno. Kesi ikaisha hapo, na Mothusi akamshika dada yake mkono kumsaidia kuinuka, mbele za watu, ungwana ulioje!

Basi akaona bora akale aibu moja kwa moja. Alichukua bati lake la biskuti akaenda ofisi ya kodi, akajieleza kwa afisa mmoja, Mma Ditiro, mwanamke wa makamo mwenye kucha fupi.

"Nimekuja kulipa," Galeboe alimwambia. "Nina ng'ombe arobaini na mmoja ambao sikuwahi kuwataja. Nitozeni yote, na faini. Ila mniandikie karatasi inayosema nimelipia ng'ombe wangu."

Mma Ditiro hakucheka. Alichukua nakala ya kwanza, ya magunia ya mashudu ya ule mwaka mbaya, akabonyeza namba yake kwenye kompyuta. Akachukua ya pili, na ya tatu. Mikono ikapunguza kasi.

"Mma, risiti hizi zimeshatumika."

"Zimetumikaje?"

"Kuna mtu alizileta. Zote. Alisema ni gharama za mifugo yake, kwamba anapata hasara, akapunguziwa kodi. Miaka tisa mfululizo. Miaka mingine alirudishiwa fedha."

"Nani?"

"Siruhusiwi kukutajia, Mma."

Hakukuwa na haja. Ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kupewa zile risiti mkononi. Galeboe aliitazama nakala ya juu. Ilikuwa ya lile juma alilouza jokofu. Kwa hiyo alipokuwa anakunywa chai ya mkandaa, kaka yake alikuwa anapeleka njaa yake ofisini na kulipwa kwayo. Alimtisha kwa kodi kama watoto wanavyotishwa kwa fisi, kumbe yeye na huyo fisi wanakula sahani moja.

"Mma," Mma Ditiro alimwambia akimrudishia bati, "siwezi kukuandika mwenye ng'ombe kwa maneno yako tu. Lakini akitokea mtu wa kuthibitisha mbele ya mashahidi kwamba ni wako, hasa huyo mwenye chapa, njoo siku hiyohiyo. Nitafungua faili upya. Na huyo mwingine atakuwa na mengi ya kujibu."

Mbele ya mashahidi. Galeboe aliondoka na maneno hayo.

Miezi miwili baadaye Onkabetse, mtoto wa Mothusi, alikuja kwake na kofia mkononi. Kijana huyu Galeboe alimlea miaka minne kwenye nyumba za mgodi, baba yake alipokwenda chuo. Alimfundisha kula kwa kijiko, na kumfulia mashuka aliyokojolea.

"Shangazi, naoa," Onkabetse alisema. "Najua wewe na baba hamwivi. Lakini nani atanisimamia nikipeleka mahari? Niende kama yatima?"

"Baba yako hakukwambia nisije?"

"Alisema usiitwe. Mimi nimekuita."

Galeboe alimtazama sana. Kwao shangazi ndiye wa mbele kwenye mahari. Bila kigelegele chake ng'ombe hawaingii zizi la wakwe. "Nitakuja," alisema.

Siku ya mahari walikusanyika nje ya uzio wa Rra Seleka, mjomba wa bibi harusi, kabla jua halijatoka, kama ilivyo desturi. Wanaume na makoti yao, wanawake na blanketi zimefungwa kwa pini kifuani. Mothusi alimwona dada yake akakunja uso, lakini si mahali pa kumfukuza mtu. Kisha Dzingai akatokea na fimbo yake, anaswaga ng'ombe wanane.

Wa mbele alikuwa Pulane.

Galeboe aliwatazama wakipita. Wanane wote walikuwa wake. Aliwajua mmoja mmoja, mama na bibi zao, na wote walikuwa na kisiki cha sikio upande wa kushoto. Mahari ikishapokewa, hairudi. Wakivuka lile geti, hakuna chifu wala mtu wa kodi atakayewarudisha.

Rra Seleka alikuja getini akasimama katikati na fimbo yake, akauliza kama wakwe wanavyouliza. "Mnatuletea nini asubuhi yote hii? Na hawa wametoka mkononi mwa nani?"

Mothusi alikohoa. "Wametoka mkononi mwa—"

"Rra Seleka," Galeboe alisema, "waulize masikio yao."

Jogoo mmoja aliwika mahali, akaona aibu akanyamaza.

Rra Seleka hakuwa mtu wa haraka. Alimsogelea Pulane, akashika kile kisiki cha sikio, akakipindua. Akaenda kwa wa pili. Alipofika wa tano akageuka. Mfugaji yeyote anajua sikio hukatwa hivyo na mtu wa aina gani.

"Rra Motsumi, binti yetu hatumtoi kwa ng'ombe wa wizi."

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Wanawake wa upande wa pili walianza kufungua blanketi zao, maana yake nendeni zenu. Mtu akasema mwalimu mkuu, jamani! Onkabetse alikuja mbio akamshika shangazi yake mikono miwili, na ilikuwa wazi hajui chochote, kijana wa watu.

"Shangazi, kuna nini? Shangazi, nakuomba. Gofaone yuko ndani ananisubiri."

Galeboe alimtazama, akamwona yule mtoto wa mashuka. Akamgeukia kaka yake.

"Mothusi, sitaki ugomvi. Sema tu. Sema kwa mdomo wako, mbele ya watu hawa, ng'ombe wenye sikio hili ni wa nani. Wote, arobaini na mmoja. Ukisema, hawa wanane ninampa mtoto kwa moyo mweupe na kigelegele napiga. Usiposema, narudi nao nyumbani sasa hivi na harusi hakuna."

Alidhani kaka yake atabisha. Alidhani atavua miwani, aifute, atafute neno. Alikuwa amejikaza kusimama pale mpaka adhuhuri.

"Ni wa dada yangu Galeboe," Mothusi alisema. "Wote. Mkia wa mbayuwayu, sikio la kushoto, alipewa na baba. Mimi niliwatunza tu."

Alisema haraka, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Galeboe machozi yalimtoka. Mashahidi sitini! Akili yake ilikimbia moja kwa moja kwa Mma Ditiro, kwenye faili jipya, kwenye vyumba viwili vya Palapye vyenye mabati ya bluu. Akaenda kwa Pulane, akampapasa kati ya pembe, akamwambia, "Nenda, mama, ukazae kwa watu." Kisha akakunja ulimi akapiga kigelegele ambacho Serowe hawajakisahau. Geti likafunguliwa, wanane wakaingia, likafungwa.

Alikuwa anajifuta uso na pembe ya blanketi Dzingai alipomjia. Mzee alikuwa na mfuko wa unga mkononi, umefungwa kamba.

"Mma, naomba radhi."

"Radhi ya nini tena, Dzingai? Kesho nakuja kambini. Tutawatenga wale thelathini na watatu tuwapige chapa mpya. Utanishikia kamba, au siyo?"

Dzingai alitazama lile geti. "Kesho usije, Mma. Hao ndio walikuwa wa mwisho."

"Wa mwisho wa nini?"

"Malori yalikuja mara tatu baada ya ile kesi yako ya baraza. Wote wamekwenda machinjioni. Rra aliwabakiza hawa wanane kwa ajili ya mtoto. Mimi mwenyewe leo narudi kwetu, kambi haina kitu cha kuchunga."

Galeboe aliinua macho akamtafuta kaka yake. Mothusi alikuwa upande wa wanaume, amekaa kwenye kiti alichopewa kama mkwe, anacheka na Rra Seleka. Alikuwa amekiri haraka vile kwa sababu hakuwa na cha kupoteza tena; faili jipya la Mma Ditiro lingemwandika dada yake mwenye ng'ombe waliokwisha kuchinjwa. Ng'ombe waliokuwa hai chini ya lile sikio walikuwa wanane tu duniani, na hao wanane Galeboe amewatoa mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa kigelegele.

"Kwa nini hukuniambia kabla hawajaingia?" alimuuliza Dzingai.

"Niliambiwa nikifungua mdomo kabla ya geti kufungwa sitalipwa. Miaka mitatu sijalipwa, Mma." Akamtia ule mfuko mikononi. "Hivi aliniambia nivichome. Sikuweza."

Ulikuwa mwepesi. Galeboe alilegeza kamba akachungulia. Ndani kulikuwa na vipande vya masikio, vikavu kama maganda ya mti, na kila ncha ilikuwa na mkia wa mbayuwayu. Hakuhesabu. Aliufunga tena, akaubana kwapani chini ya blanketi.

"Shangazi mtu! Shangazi yuko wapi?" Wifi yake, mke wa Mothusi, alikuwa anaita kutoka kwenye vyungu, maana desturi inataka shangazi apewe shukrani yake kabla nyama haijagawiwa, na apewe mbele za watu. Wanawake walipisha njia wakiimba. Wengine walimpigapiga mgongoni, wakimwambia amefanya jambo la mtu mzima, amemwokoa mtoto. Wifi alimkabidhi blanketi jipya, pakiti ya majani ya chai, na juu yake mfuko wa sukari wa kilo kumi.

"Kutoka kwa kaka yako," alisema. "Amesema kila ikiisha, usione haya. Njoo tu nyumbani, utapewa nyingine."

Watu wote walikuwa wanamtazama na vyungu vya nyama vilikuwa vinasubiri. Galeboe alinyoosha mikono miwili, kama mtu aliyefundishwa adabu, akapokea.